Kisu Kilichooshwa Kupita Kiasi

Fundo lilimshinda Pua.

Alilivuta juu, likakaza. Akalivuta chini, likakaza zaidi, kama vile lilikuwa na kinyongo naye. Akapiga magoti kwenye majani mabichi, akaling'ang'ania kwa kucha, kisha kwa meno, na alipoinua uso alikuwa na nyuzi za nailoni ya bluu mdomoni na mteja wake amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nilikuita upeleleze au ule kamba?" aliuliza Shangazi.

"Napeleleza, Shangazi."

"Kwa meno. Haya, endelea. Ukishiba uniambie."

Pua alisimama akajipangusa magoti. Jina hilo alipewa na mtaa mzima, kwa sababu pua yake huingia chumbani kwanza, mwenyewe akafuata baadaye. Zamani alikuwa akilikasirikia. Tangu alipofungua ofisi yake ya upelelezi juu ya karakana ya vyerehani, aliacha. Kwa mpelelezi, jina kama hilo ni tangazo la bure.

Shangazi hakuwa shangazi yake yeye. Alikuwa shangazi wa yule msichana aliyekaa kwenye jiwe kando ya mto, amekumbatia mkoba, amenyamaza: mwongozaji wa klabu ya wapanda milima, mdogo kuliko viongozi wote na, kwa maneno ya Shangazi, mwenye miguu ya mbuzi na kichwa cha hakimu. Hadi juzi kila mtu alijua kwamba katika mkutano wa jioni ya leo wanachama wangemchagua aongoze safari ya mlima mkubwa, inayoanza kesho. Sasa mkutano ni uleule, ila wangemfukuza.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Viongozi wa klabu walilala hapa kambini kukagua vifaa. Walikuwa wanne tu: Mwenyekiti, Mpishi, Daktari wa meno ambaye ndiye mtunza vifaa, na msichana huyu. Jioni, msichana alilifunga begi la chakula kwa kamba, akalipandisha juu ya tawi ili nyani wasilifikie, kisha akaifunga kamba kwenye shina la mti. Ndani ya begi, katikati ya biskuti na majani ya chai, ilikuwemo redio ya dharura ambayo wanachama walijinyima mwaka mzima ili waipate. Asubuhi kamba ilikutwa imekatwa, begi halipo, na chini ya mti, kwenye majani, Mpishi akaokota kisu cha kukunja. Cha msichana.

"Kilinidondoka nilipokuwa nafunga," msichana alieleza. "Kibanio cha kukishikiza mfukoni kilivunjika zamani, na mfuko wenyewe umetoboka."

"Nilikwambia lete hiyo suruali niishone," Shangazi alidakia. "Nilikwambia, sikukwambia?"

"Uliniambia, Shangazi."

"Uliniambia! Haya, sasa tundu la mfuko linataka kukumeza mzimamzima."

Pua aliwaacha wamalizane, akarudi mtini. "Dada, hebu njoo. Hili fundo linafunguliwaje?"

Msichana akaja, akashika ncha moja fupi iliyojificha nyuma, akaivuta mara moja. Fundo lote likalegea, kamba ikateleza na kuanguka juu ya viatu vya Pua.

Pua akaitazama kamba. Shangazi akamtazama Pua.

"Usiseme kitu," alisema Pua.

"Mimi? Kwani nimesema nini mimi?"

"Nani alikufundisha fundo hili?"

"Marehemu baba. Alikuwa akifunga magodoro juu ya malori."

"Na pale klabuni nani analijua?"

"Mpishi nilimwonyesha jioni ileile, akalishika vizuri. Daktari alikataa, anasema vidole vyake ni vya meno tu. Mwenyekiti..." Alisita. "Mwenyekiti ndiye anayetufundisha sisi mafundo. Ningeanzaje kumwonyesha mtu kama yule?"

"Sasa wewe unayelifungua kwa kuvuta mara moja, ukate kamba ya nini?"

"Niliwaambia hivyohivyo. Wakasema huo ndio ujanja wangu. Nimekata ili ionekane ni mwizi."

Pua alitikisa kichwa. Hoja nzuri, lakini hoja haijai kiganjani. Alitaka kitu anachoweza kukiweka mezani mbele ya watu wakakishika. Akaanza kulikagua shina kwa vidole, polepole, na pale kamba ilipokuwa imekazwa akakuta jeraha kwenye gome: mkato mmoja mwembamba, ulionyooka, na chini yake mchirizi wa rangi ya kahawia uliokauka kama gundi ya fundi viatu.

"Aliyekata aliibana kamba kwenye shina," alisema. "Akakandamiza kwa nguvu mpaka kisu kikapita kamba kikaingia kwenye gome."

"Kwa hiyo?" aliuliza Shangazi.

"Kwa hiyo nataka kuona kisu kinapata nini humo ndani."

Alitoa mfukoni kisu chake mwenyewe cha kukunja, akakifungua, akachanja gome pembeni ya jeraha lile. Maziwa meupe yakatoka papo hapo, yakatiririka juu ya bapa la kisu, yakaingia hadi pale kwenye maungio ya bapa na mpini. Pua akasubiri. Shangazi akasubiri pia, ingawa kwake kusubiri ni kuhema kwa sauti. Maziwa yakageuka manjano, yakawa mazito, yakashika rangi ya kahawia. Pua alipojaribu kukikunja kisu, kikagoma katikati, kimejipinda kama goti la mzee.

Alikipangusa kwa majani. Akakiosha mtoni. Akakisugua kwa mchanga. Kikabaki vilevile, na sasa vidole vyake navyo vikaanza kushikana.

"Maji hayawezi," msichana alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. "Huo ni utomvu. Hautoki bila mafuta ya taa. Na ukiuosha kwa maji kwanza ndiyo unaugandisha zaidi."

"Ungeniambia mapema."

"Ulionekana unajua unachofanya, kaka."

Shangazi alicheka mpaka akashika mti, kisha akaukumbuka utomvu, akauachia mbio.

Pua hakukasirika. Alisimama na kisu chake kisichokunjika wala kukunjuka, akakitazama kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi. "Aliyekata kamba ile," alisema, "alibaki na kisu kama hiki mkononi. Visu vya watu wa kambi viko wapi?"

"Kwenye kopo, ukumbini. Mwenyekiti aliamuru vikusanywe vyote mchana uleule. Tukalizungushia utepe, kila mmoja akatia sahihi juu yake."

"Basi twende tukavisalimie," alisema Pua, akiizungusha ile kamba ya bluu begani.

Ukumbi wa klabu, walioufikia jua likikaribia kuzama, ulikuwa chumba kirefu chenye mabati, viatu vya milimani vimepangwa ukutani na kamba zimening'inizwa kwenye misumari kwa unene wake. Mwenyekiti aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kizibao cha mifuko mingi kiasi kwamba ukimwomba kalamu anajipapasa kama anayetafuta viroboto. Mpishi alikuwa amekaa juu ya pipa la maji. Daktari wa meno alisimama karibu na dirisha, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa.

"Karibu, kijana," Mwenyekiti alisema. "Shughuli hii inanisikitisha. Binti huyu ni kama mwanangu."

"Shikamoo, Mwenyekiti," msichana alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, macho yake yakiwa kwenye kopo.

Msichana alisogea mezani. Alitoa mkobani filimbi ya uongozaji na koti la mvua la klabu, akavilaza mezani, koti limekunjwa vizuri. "Nimevirudisha mapema," alisema, "ili jioni nisisimame mbele ya watu navyo." Kisha akaenda kusimama kwenye kona, mgongo ukutani. Shangazi alilipapasa lile koti kwa kiganja, akaunyoosha ukosi wake.

Pua akakata utepe wa kopo. Visu vikamwagika mezani.

"Kabla hujavigusa," Mwenyekiti aliinua kidole, "unajua lolote kuhusu visu?"

"Najua vinakata."

"Hapo ndipo watu wanapokosea!" Uso wa Mwenyekiti ulichangamka. "Kisu cha porini si urembo, kijana. Kwanza mpini: ujae kiganja, uwe na mikwaruzo, mkono ukilowa usiteleze. Pili bapa: lisizidi upana wa kiganja chako, kwa sababu refu linapinda na hulihitaji, huendi kuchinja tembo. Chuma chake kiwe cha kunoleka kwenye jiwe la kawaida. Lakini kubwa kuliko yote ni loki. Ukishalifungua bapa, lijifunge kabisa, lisirudi mpaka wewe utake. Kisu kisicho na loki ni mtego wa panya unaoubeba mfukoni."

"Anasema mimi," Mpishi alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nasema wewe."

Pua alikichukua kisu cha Mpishi. Kilikuwa chepesi, chekundu, cha kuuzwa sokoni kwenye sinia pamoja na viwembe na vioo. Alikata kipande cha ile kamba ya bluu, akakizungushia mguu wa meza, akamkabidhi Mpishi kisu chake. "Kata. Kandamiza kama unakata kwenye mti."

"Kwani unataka kunitoa vidole?"

"Polepole basi."

Mpishi akakandamiza. Bapa likaingia kwenye kamba kidogo tu, likayumba, kisha likarudi ndani ya mpini, tap! Mpishi aliutoa mkono kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akaonyesha kovu refu kwenye kidole cha shahada. "Mwaka juzi," alisema. "Tangu siku hiyo namenyea machungwa tu."

"Kisu hiki kisingefika kwenye gome," Pua alisema. "Na wewe fundo unalijua."

"Nalijua vizuri sana. Kuvuta mara moja tu. Hata mama mkwe wangu nimemwonyesha."

Pua akageukia dirishani, na pua yake ikasimama kabla ya mwili. Kwenye kiwiko cha shati la Daktari palikuwa na doa la kahawia, kavu, lenye kung'aa.

"Daktari, shati hili ulilivaa kambini?"

"Nililivaa." Daktari alikigeuza kiwiko, akakiona, akafadhaika. "Limefuliwa mara ngapi jamani, na bado."

"Huo ni utomvu wa mti ule."

Mpishi aliteremka kwenye pipa. Shangazi akasogea mlangoni, akaujaza wote, endapo Daktari angeamua kukimbia.

"Nilining'inia," alisema Daktari.

"Ulining'inia?"

"Asubuhi. Mazoezi. Nilining'inia kwenye tawi ili kunyoosha mgongo. Meno ya watu yanainamisha, ndugu yangu. Mpishi aliniona."

"Nilimwona," Mpishi alikiri. "Nilidhani ni nyani. Nilikuwa nimeshaokota jiwe."

Pua hakutaka kushindwa upesi. Akakitafuta kisu cha Daktari mezani. Hakikuhitaji kutafutwa: kilikuwa kinene kama sabuni ya kufulia, kimejaa vijisu, mkasi, kifungua chupa, msumeno, bisibisi na kitu kama kijiti ambacho hata mwenyewe hakujua kazi yake. Pua alijaribu kulitoa bapa kubwa. Ukucha wake ukavunjika. Akajaribu kwa ukucha mwingine. Lilipotoka hatimaye, lilikuwa bado limevaa kijifuko chake cha plastiki cha dukani.

"Hujawahi kukitumia?" aliuliza Pua.

"Ni kizuri mno," Daktari alijibu kwa huzuni. "Nasubiri nafasi inayofaa."

Mwenyekiti alipiga paji la uso wake kwa kiganja.

Basi kilibaki cha msichana na cha Mwenyekiti. Pua alikichukua cha msichana kwanza. Kilikuwa kisu kizuri, cha mpini wa kukwaruza na loki imara, ila kilikuwa kichafu hadi kinatia huruma: masizi ya mkaa, siagi iliyokauka, gamba la samaki karibu na shina la bapa, na mchanga wa mahali pengi.

"Aibu gani hii!" Shangazi alifoka kutoka mlangoni. "Msichana mzima! Hata kijiko cha mganga kina usafi."

"Mwache, Shangazi," Pua alisema. "Uchafu huu naupenda." Alikifungua kwa dole gumba. Bapa likatoka bila kusita, likajifunga, *ka!* Akalikunja. Likaingia. Akafungua na kukunja tena na tena, na kila mara kikaitikia. "Kisu hiki hakijawahi kuonja utomvu. Wala hakijaoshwa. Mkisema aliuosha utomvu kwa mafuta ya taa, mniambie mafuta ya taa yaliliacha vipi gamba la samaki."

Mpishi alikisogelea, akakinusa, akakunja uso. "Hicho ni samaki wetu wa safari iliyopita."

"Safari iliyopita!" Shangazi aliinua mikono juu, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kuchangamka.

Kisu cha Mwenyekiti kilikuwa ndicho alichokihubiri. Mpini ulijaa kiganja. Bapa lilikuwa fupi, nene mgongoni, lenye tundu la kutia dole gumba. Kilikuwa safi kiasi kwamba Pua aliiona pua yake humo, yote, jambo lisilo rahisi. Alikifungua. Kilifunguka, lakini mwishoni, kabla ya loki kushika, kilisita kidogo tu, kama mtu anayekumbuka jambo. Pua akakileta karibu na uso, akavuta pumzi.

"Kinanukia mafuta ya taa, Mwenyekiti."

"Huwa nakisafisha. Kila baada ya kazi."

"Kambini kilifanya kazi gani?"

"Kazi... nilikata mkate."

"Mkate niliukata mimi," alisema Mpishi.

"Na mkate hauoshwi kwa mafuta ya taa," Pua aliongeza taratibu. "Mwenyekiti, lile fundo la begi, ungelifungua?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyemfundisha binti mafundo yote!"

Pua akaichukua kamba ya bluu, akampa msichana. "Dada, funga hapa kwenye mguu wa meza. Lilelile." Msichana akafunga, mikono ikienda yenyewe. "Karibu, Mwenyekiti."

Mwenyekiti aliinama. Alilitazama fundo. Akalizunguka upande wa pili, akalitazama na huko. Akavuta juu, likakaza. Akavuta chini. Pua alipomwona anaikodolea macho kamba kwa namna anayoijua, akasema kwa huruma, "Usijaribu kwa meno. Haisaidii."

Mwenyekiti alisimama wima, akajipapasa mifuko, hakutoa kitu. "Mgongo wangu leo haunipi nafasi," alisema.

"Basi tumalizie kwa kisu. Nahitaji bisibisi ndogo."

Hapo sauti ilitoka dirishani, inatetemeka kwa shauku. "Mimi ninayo," alisema Daktari wa meno. "Ipo kwenye kisu changu. Naomba nifungue mwenyewe. Naomba."

Akavuta kiti, akawasha taa ya mezani, akainama juu ya kile kisu kama alivyoinamia vinywa vya watu maisha yake yote. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Akazipanga kwenye leso kwa utaratibu, akalitenganisha pande la mpini kwa ncha ya kile kijiti ambacho alikuwa hajui kazi yake. "Kumbe ndiyo kazi yake," alinong'ona.

Nje, bapa liling'aa. Ndani, pale loki inapolala na pini ya katikati inapopita, palikuwa na utando wa kahawia, mzito, umekauka. Daktari aliukwangua kidogo. Katikati yake ulikuwepo uzi mmoja wa nailoni, wa bluu.

"Pameoza," alisema Daktari, kwa mazoea.

"Watu wengi husafisha bapa," Pua alisema. "Ndilo linaloonekana. Huku ndani wanasahau."

Nje wanachama walikuwa wameanza kufika. Vicheko na mburuzo wa viti vilisikika uani. Mwenyekiti alikaa juu ya sanduku la mahema, na sanduku likalalamika.

"Ilikuwa njaa," alisema.

"Njaa?" Shangazi aliuliza.

"Nilitangaza mwenyewe kwamba hakuna kula mpaka kuche. Nidhamu ya milimani. Kulipokaribia kucha, tumbo likaniamsha. Nikasema nishushe begi kimyakimya, nichukue biskuti mbili, nilipandishe. Nikakuta fundo lile." Alijifuta jasho. "Mama, nimefundisha mafundo tangu binti huyu hajazaliwa. Nililihangaikia mpaka vidole vikavimba. Hasira zikanipanda. Nikakata."

"Na begi?"

"Lilianguka kwa kishindo, Daktari akageuka hemani. Nikalikumbatia nikakimbilia kwenye gari langu. Nikala. Nikishiba huwa nasinzia." Sauti yake ilizidi kushuka. "Nilipozinduka, Mpishi anapiga kelele ya mwizi, ana kisu cha binti mkononi, na changu kimegandana hakikunjiki. Nilitaka nicheke niseme ukweli. Nikangoja kwanza mtu mwingine acheke. Hakucheka mtu. Kila nilivyochelewa, ikawa ngumu zaidi."

"Redio?" Pua aliuliza.

"Ipo salama. Chini ya tairi la akiba. Nilipanga kesho niiokote njiani mbele ya watu wote."

Mpishi ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akakohoa, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika, kisha likamponyoka, cheko refu lililopasua chumba; Daktari akafuata na bisibisi mkononi, Pua akafuata. Hata Shangazi, aliyekuwa ameshakusanya maneno ya kumpasulia Mwenyekiti, alijikuta amekaa juu ya pipa la maji akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Msichana peke yake hakucheka. Alitoka kwenye kona, akasimama mbele ya Mwenyekiti.

"Asubuhi ile ya wizi uliniona nimekaa kule mtoni, mzee wangu," alisema. "Ulinipita ukaniambia pole."

Kicheko kilikufa. Mwenyekiti aliinua uso, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilikupita," alisema. "Na hilo silo la njaa. Hilo ni langu. Nisamehe, mwanangu." Akanyanyuka kwa shida, akachukua koti la mvua mezani na filimbi juu yake, akafungua mlango wa uani kwa bega.

Alisimama mbele ya wanachama wote na kuwaambia, bila kuruka biskuti hata moja. Watu walishangaa, wakanong'ona, mmoja akapiga mluzi, na ilipofika sehemu ya tairi la akiba, ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Mpishi alishalikimbilia gari. Alirudi na redio juu ya kichwa kama aliyeshinda kombe. Daktari alikuwa anamkatia kila mtu utepe wowote aliokuwa nao, kwa kisu chake, bila kuombwa.

"Najiuzulu," Mwenyekiti alimalizia. "Lakini kabla sijashuka, kura. Anayetaka binti huyu atuongoze kesho, anyooshe mkono." Akanyoosha wake kwanza, juu kabisa, mkubwa kama kasia. Nyuma yake ua wote ukajaa mikono. Shangazi, ambaye si mwanachama wala hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za hospitali, alinyoosha yote miwili.

"Shangazi, wewe huna kura," Pua alimwambia sikioni.

"Nitoe basi," alijibu, na mikono ikabaki juu.

Msichana alivaa filimbi shingoni. Alisubiri kelele zitulie, akawapitia mmoja mmoja kwa macho kama mtu anayehesabu mizigo, kisha akaanza kutoa maagizo: saa ya kukutana, viatu, maji, nani abebe hema lipi. Mwenyekiti, aliyekuwa amejibanza pembeni karibu na mlango, akaanza kuondoka kimyakimya.

"Mzee wangu, unakwenda wapi?" msichana aliita. "Kesho utatembea wa pili, nyuma yangu."

Mwenyekiti aligeuka, macho yamemjaa maji. "Mimi? Kwa nini wa pili?"

"Ili ukisikia njaa," alisema kiongozi wa safari, "nikusikie."